Chensoo ya kukatia kuni Dodoma: ya Kichina ya cc 52, Stihl MS 250 au Husqvarna 455?

Mwezi wa sita mwaka jana mpwa wangu alinipigia simu akiwa amesimama dukani mjini. "Shikamoo mjomba. Nimeshika chensoo mbili hapa. Moja imeandikwa 5800, nyingine MS 250. Ya 5800 ina bapa refu, hili chuma cheni inapozungukia, halafu kwa bei ya hiyo nyingine napata mbili na chenji inabaki. Nichukue ipi?"

"Marahaba. Unakwenda kukata mti gani, na nani atakunolea?"

Akanyamaza. Nyuma yake nikamsikia muuzaji akisema, "Hiyo hainolewi leo wala kesho kaka, wewe chukua tu." Hapo nikamwambia arudishe zote mbili mezani, apande gari aje kwanza kwangu Hombolo tuongee.

Nina shamba la mijohoro na miarobaini, na kila kiangazi huwa nasafisha migunga kwenye maeneo ya watu wanaotaka kulima au kujenga. Kuni zangu zinakwenda kwa wachoma matofali na mama lishe. Chensoo hizi tatu nimezifanyia kazi zote, kwa mkono wangu, kwenye miti hii hii ya kwetu. Kwa hiyo nitaandika yale niliyomweleza kijana siku ile, na machache niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka.

Kuni za Dodoma si kuni za Mufindi

Maelezo mengi ya chensoo unayokutana nayo yanatoka kwa watu wanaokata misonobari kama ya Mufindi: mti laini, wenye maji, umesimama kwenye udongo mweusi wenye majani. Sisi mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na miezi inayobaki ni jua na vumbi. Mgunga ulioanguka Mei, ukiukata Oktoba, ni kama unakata pembe. Mkwaju mkavu ndio usiseme. Mjohoro mbichi unakatika vizuri, lakini ukikauka kile kiini cheusi cha katikati kinatoa moshi kwenye cheni kama hukunoa. Mwarobaini ndio wenye huruma kidogo.

Ugumu wa mti wenyewe bado unavumilika. Adui mkubwa ni mchwa. Gogo lililolala hapa kwetu miezi miwili, mchwa wameshalipandia kwa chini na kulipaka udongo, na mara nyingi wameingia kati ya gome na mti wakajaza mchanga humo. Kwa nje unaliona gogo safi. Ukiingiza cheni, ndani ya sekunde kumi umepiga tupa ya mchanga kwenye kila jino. Nimeona cheni mpya, iliyotoka kwenye boksi asubuhi, ikishindwa kukata saa nne kwa sababu kijana hakubandua gome. Panga dogo la kubandulia gome na kukwangua udongo pale utakapokata ni nusu ya chensoo yako. Ndiyo maana swali langu la kwanza lilikuwa la kunoa, na la nguvu likafuata baadaye.

Halafu kuna mwinuko. Mji wa Dodoma uko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini ya chensoo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu yake hapa, na kabureta iliyosetiwa pwani inakuwa inakunywa petroli nyingi kuliko hewa inayopata. Utaona moshi, plagi inakuwa nyeusi, chensoo inakuwa nzito kupanda resi. Hapo ndipo fundi wa pikipiki anachukua bisibisi na kukaza skrubu ya petroli yenye herufi H mpaka injini ilie kwa sauti kali ya kupendeza. Sauti ile ni ya injini inayokaukiwa. Petroli ndiyo inayobeba oili kwenda kwenye pistoni, kwa hiyo ukiinyima petroli umeinyima na oili. Ikilia vile kwenye mgunga mkavu saa saba mchana, hesabu siku.

Namba zake

| | Ya Kichina ya cc 52 | Stihl MS 250 | Husqvarna 455 Rancher |
|---|---|---|---|
| Ujazo wa injini | cc 52 hivi | cc 45.4 | cc 55.5 |
| Nguvu | kilowati 2 na kidogo, hutofautiana kwa kiwanda | kilowati 2.3 | kilowati 2.6 |
| Uzito bila bapa na cheni | kilo 5 na zaidi | kilo 4.6 | kilo 5.8 |
| Tangi la petroli | lita 0.55 | lita 0.47 | lita 0.44 |
| Tangi la oili ya cheni | lita 0.26 | lita 0.20 | lita 0.32 |
| Bapa linaloifaa kwa kuni zetu | inchi 16 hadi 18 | inchi 16 | inchi 18 |

Tazama mstari wa nguvu na wa uzito kwa pamoja. MS 250 ina injini ndogo kuliko zote tatu, lakini inakupa kilowati moja kwa kila kilo mbili unazobeba. Ile 455 inakudai kilo 2.2 kwa kilowati hiyo hiyo. Kwa anayesimama juu ya gogo lililolala chini, tofauti hiyo si kitu. Kwa anayekata matawi ya mgunga akiwa ameinama chini ya miiba kutwa nzima, kiuno kitamwambia jioni.

Kuhusu ile 5800 aliyoishika kijana, ambayo ni hii hii ya Kichina: namba kwenye stika isikutishe wala isikufurahishe. Nyingi zilizoandikwa 5800 ukifungua silinda ukapima unakuta ni injini ile ile ya 5200, yaani ya cc 52, au imezidi kwa sentimita za ujazo mbili tu. Usilipe zaidi kwa ajili ya stika.

Ya Kichina, kwa haki yake

Sitaki kuidharau chensoo hii, kwa sababu imewapa kazi vijana wengi ambao bila hiyo wangekuwa wanakata kwa shoka mpaka leo. Umbo lake halikuanzia Uchina. Lilianzia kwenye misumeno ya Zenoah ya Japani, injini nyepesi na rahisi, na viwanda vingi vya Uchina vikaiga. Kwa kuwa vyote vimeiga kitu kimoja, spea zinaingiliana. Kabureta ya hii inafunga kwenye ile, silinda, klachi, kamba ya kuwashia, vyote utavipata Kibaigwa, Kongwa, Manyoni, hata kwenye duka linalouza misumari na rangi. Kwa mtu aliye mbali na mji hilo ni jambo kubwa sana. Chensoo nzuri iliyolala wiki tatu ikisubiri spea kutoka Dar haikati kuni.

Udhaifu wake uko mahali panapojulikana. Kichujio cha hewa ni chembamba na hakikai vizuri kwenye kiti chake, na vumbi letu ni laini kama unga wa mtama, linapita. Usafishe kila unapojaza petroli, si kila jioni. Pampu zake za oili ya cheni, nyingine hutoa kidogo, nyingine humwaga hata chensoo ikiwa imezimwa. Nati na skrubu hulegea kwa mtikisiko, kwa hiyo siku ya kwanza, baada ya tangi la kwanza, ipoe halafu pitia zote na bisibisi. Na bapa lake. Wanaiuza na bapa la inchi 20 au 22 kwa sababu bapa refu linauza, lakini injini yenye kilowati mbili, kwenye hewa ya Dodoma, ndani ya mkwaju, haina uwezo wa kuburuta cheni ya inchi 22. Inazama, klachi inateleza, inaungua. Ifungie bapa la inchi 16 au 18 na utashangaa ni chensoo nyingine kabisa. Kwa inchi 16 unakata gogo la unene wa sentimita 70 bila shida, kwa kuingia upande huu kisha upande wa pili. Kuni gani unazokata wewe zinazozidi hapo?

Chensoo yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya namna hii, na niliiua mwenyewe kwa wiki tatu. Oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, nilikuwa napima kwa kifuniko cha chupa ya maji, kwa kukadiria, na siku nyingine kijana aliyekuwa ananisaidia alidhani nimeshachanganya. Ilinoki katikati ya gogo. Fundi alipofungua ekzosi aliniita nichungulie kwenye tundu: pistoni upande ule ilikuwa imekwaruzwa kuanzia juu hadi chini, mistari ya kijivu kama mtu amepitisha msasa. "Hapa hapakuwa na oili," akasema, na hakuongeza neno. Tangu siku hiyo sina kidumu cha petroli kisichokuwa na alama.

MS 250

Hii ndiyo ninayoibeba siku nyingi. Ni chensoo ya Kijerumani isiyo na madoido. Imetengenezwa kwa miaka mingi bila kubadilishwa sana, na hiyo ndiyo faida yake, maana fundi aliyeifungua mara moja ameijua. Inawaka ikiwa baridi kwa kuvuta mara tatu nne, ikiwa ya moto kwa mara moja. Pampu yake ya oili inajiendesha yenyewe na huiongezi wala kuipunguza. Kwa bapa la inchi 16 inatosha, ukiipa la inchi 18 angalia kama bapa linakauka nchani.

Inapozidiwa ni kwenye gogo nene la mgunga au mkaratusi mkavu, zaidi ya sentimita 35. Inakata, ila lazima uiache ikate yenyewe. Ukiikandamiza kwa sababu una haraka, resi inashuka na joto linapanda. Mtikisiko wake nao unauhisi. Imewekewa raba za kuzuia mtikisiko badala ya springi, na baada ya matangi manne matano vidole vinaanza kufa ganzi. Kwa anayekata siku tatu kwa wiki ni sawa. Anayekata kila siku, kutwa, atafute kubwa zaidi.

Shida yake kuu haiko ndani yake. Chensoo feki zenye rangi ile ile ya chungwa na kijivu, zenye jina lile lile, ziko sokoni, na nyingine zimefungwa kwenye boksi zuri kuliko la kweli. Ile ya kweli ina namba ya usajili iliyogongwa kwenye bodi, si ya kubandika, na inauzwa na wakala anayekuandikia namba hiyo kwenye risiti na dhamana. Muuzaji akisema dhamana ni neno lake, toka. Ukitaka ya Kichina nunua ya Kichina kwa bei yake. Kununua ya Kichina kwa bei ya Kijerumani ni kuibiwa.

Husqvarna 455

Hii ya Uswidi niliiazima msimu mzima kwa mwenzangu anayekata kuni za tanuri, na kama kazi yangu ingekuwa kubwa kuliko ilivyo, ningenunua hii. Cc 55.5 zake unazisikia gogo linaponenepa. Pale ambapo MS 250 inaomba muda, hii inashuka kwa sauti moja nzito na kumwaga chenga. Pampu ya oili unairekebisha kwa bisibisi, ukiingia kwenye mti mkavu unaiongeza. Mtikisiko ni mdogo kwa sababu mikono imekaa kwenye springi.

Lakini kilichonivutia zaidi ni hewa. Feni ya injini inazungusha hewa kwanza na kutupa vumbi zito nje kabla halijafika kwenye kichujio. Siku tuliyokata kwenye barabara ya mchanga kule Bahi, jioni nilifungua vichujio viwili mezani: cha chensoo yangu kilikuwa kimekuwa chekundu kabisa, cha 455 kilikuwa na vumbi la kupuliza kwa mdomo. Kwa mkoa wenye vumbi kama wetu hicho ni kitu cha kulipia. Stihl nao wana mfumo unaofanana na huo kwenye MS 271, yenye cc 50.2, kilowati 2.6 na kilo 5.6, kwa hiyo ukiikuta kwa wakala bei ikikaribiana na 455, hizo mbili ndizo za kushindanisha. Viwanda vyote viwili vinasema injini zao za kizazi hicho zinapunguza petroli hadi asilimia 20 ukilinganisha na za zamani. Mimi sijapima kwa lita, ila tangi la 455 ni dogo kuliko la MS 250 na bado linanifikisha karibu nusu saa ya kukata.

Uzito ndio unaoirudisha nyuma. Kilo 5.8 kabla hujaweka bapa, cheni, petroli na oili. Ukijaza kila kitu umebeba kilo saba na nusu au nane. Na bei: hii ndiyo ghali kuliko zote tatu, na spea zake nje ya mji ni chache.

Watu huniuliza kwa nini sitaji MS 381 ya Stihl. Ni ya cc 72 na kilo 6.6, ni chensoo nzuri ya kuangusha miti mikubwa na kupasulia mbao. Kwa kuni ni kuchukua lori kwenda kununua chumvi. Za umeme nazo nimeziacha, kwa sababu shamba halina soketi, na za betri zenye nguvu ya kutosha zinadai betri mbili tatu za akiba kwa siku moja ya kazi.

Cheni ndiyo chensoo

Hapa ndipo ningependa usome taratibu, kwa sababu nimeona watu wakibadilisha injini wakati tatizo lilikuwa tupa ya bei ya soda mbili.

Tazama kinachotoka chini ya chensoo. Cheni kali inatoa chenga, vipande vidogo vyenye pembe unavyoweza kuvihesabu kiganjani. Cheni butu inatoa unga. Ukianza kuona unga, zima. Usiongeze resi, usikandamize, zima tu. Kila dakika unayoendelea na unga unakula bapa, klachi, pistoni na mgongo wako. Kwenye mgunga mkavu mimi nanoa kila tangi la pili, na kwenye gogo lililoingiwa na mchwa kila tangi. Kunoa kwenyewe ni dakika tano: bana bapa kwenye kisiki ulichokata mkato mwembamba juu yake, tupa inaingia kwenye jino kwa nyuzi 30, unasukuma kwenda mbele tu, mara tatu nne kwa kila jino, idadi ile ile kwa meno yote. Jino moja likiwa fupi kuliko mengine, chensoo itakata kwa kupinda.

Tupa lazima iendane na cheni. Cheni ya .325 (hicho ni kipimo cha nafasi ya vipingili vyake, kwa inchi), ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye nyingi za aina hizi, inataka tupa ya duara ya milimita 4.8. Cheni ya 3/8 kubwa, ambayo 455 nyingine huja nayo, inataka ya 5.2 au 5.5. Ile 3/8 ndogo ya chensoo nyepesi inataka milimita 4. Na kile kinundu kilicho mbele ya kila jino nacho kinapunguzwa kwa tupa bapa baada ya kunoa mara nne tano, kibaki chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Ukikisahau, jino linakuwa kali kama wembe na bado halikati, kwa sababu halifiki kwenye mti. Ukikila sana, chensoo inaanza kurukaruka na kukukaba mikono.

Jambo jingine linalowachanganya wengi dukani ni unene. Cheni ya .325 ya Stihl mara nyingi ina unene wa milimita 1.6 kwenye mfereji wa bapa, ya Kichina ni 1.5, na ya Husqvarna ni 1.5 au 1.3. Kwa macho ni ile ile. Ukifunga ya 1.5 kwenye bapa la 1.6 itaingia vizuri, itazunguka, halafu itayumba na kukata kwa upinde mpaka ule mfereji ufe. Namba zote tatu, yaani .325, unene, na idadi ya vile vimeno vya chini vinavyoingia kwenye mfereji, zimechongwa kwenye bapa karibu na injini. Piga picha kwa simu kabla ya kwenda dukani. Bapa la Kichina la inchi 20, kwa mfano, linataka vimeno 76. Ukienda kusema tu "nipe cheni ya inchi 20" utarudi na cheni isiyofunga.

Plagi, kwa bahati, ni neema: NGK BPMR7A inaingia kwenye zote tatu. Beba moja mfukoni.

Oili ya cheni isiwe oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Najua karibu wote wanatumia hiyo, nami nilitumia. Ina chembe za chuma ndani yake, na hapa kwetu inachanganyika na vumbi na kuwa tope la kusagia. Oili safi ya namba 40 inatosha, joto letu linaiyeyusha vizuri. Ya petroli ndiyo hii: kwa oili nzuri ya 2T inayopendekezwa na kiwanda, mililita 20 kwa lita moja, yaani 100 kwa lita tano. Kwa oili ya 2T ya kawaida weka mililita 30 hadi 40 kwa lita, na kwa chensoo ya Kichina fuata 40 kama stika yake inavyosema. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, linasoma mililita bila ubishi. Na usichanganye ya wiki tatu, changanya ya siku.

Ukiwa dukani

Usikubali kufungiwa kwenye boksi kabla ya kuiwasha. Ikiwa imezimwa na haina moto, iinue kwa kushika mpini wa kamba ya kuwashia peke yake: inapaswa kushuka taratibu kwa hatua. Ikianguka moja kwa moja, kompresheni haipo. Iwashe, iache kwenye sailensa, yaani ingurume bila kuipiga resi. Cheni isizunguke. Ikizunguka ikiwa sailensa, ama sailensa iko juu ama springi za klachi ni mbovu. Piga resi ukielekeza ncha ya bapa kwenye kipande cha katoni, sentimita 20 hivi: baada ya nusu dakika uone mstari wa oili kwenye katoni. Usipouona, rudisha. Mwisho sukuma breki ya cheni kwa mgongo wa mkono wa kushoto cheni ikiwa inazunguka, isimame papo hapo. Breki hiyo ndiyo inayokulinda pale robo ya juu ya ncha ya bapa inapogusa gogo usiloliona na chensoo yote inaruka kukujia usoni. Nimemshuhudia mwenzangu akishonwa nyuzi kumi na mbili kwenye bega kwa sababu breki ilikuwa imefungwa kwa waya. Kofia ngumu yenye wavu, viatu vya chuma mbele, na vizibo vya masikio, maana zote tatu zinapiga desibeli 100 hivi karibu na sikio. Suruali ya chensoo ni adimu kwetu, lakini ukiiona nunua kabla ya bapa la pili.

Na kabla hata ya dukani, pita ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, ya wilaya yako. Kuvuna na kusafirisha mazao ya misitu kunaongozwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kuni zako za shambani zikitoka barabarani bila kibali na hati ya kusafirishia zinaweza kukupotezea mzigo pamoja na chensoo. Uliza pia wanataka nini kuhusu chensoo yenyewe. Pima na soko lako. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na Mei mwaka huo ukazinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kama hesabu yako ya kununua 455 ilitegemea shule mbili na chuo, ipige upya. Mimi napanda kile ninachokata. Mjohoro ukiukata vizuri unachipua tena kutoka kwenye kisiki.

Nani achukue ipi

Una shamba lako, unakata kuni za nyumbani na za kuuza kidogo, mara mbili tatu kwa mwezi, na uko mbali na mji: chukua ya Kichina ya cc 52, ibadilishe bapa siku hiyo hiyo liwe la inchi 16 au 18, na ile fedha uliyookoa usiile yote. Unakata siku mbili tatu kwa wiki na mji uko ndani ya safari ya nusu siku: MS 250, kwa wakala mwenye risiti. Unakata kila siku, magogo manene, makavu, unalisha matanuri: 455, au MS 271 kama wakala wake yuko karibu nawe kuliko wa Husqvarna. Fundi wa chensoo unayemfahamu kwa jina akisema anaijua mojawapo ya hizo mbili na hajui nyingine, nenda na anayoijua.

Kijana alirudi mjini Jumatatu. Alichukua MS 250 yenye bapa la inchi 16, cheni ya pili, na tupa tatu za 4.8. Wiki iliyopita alinitumia picha ya kiganja chake kimejaa chenga za mgunga, chini yake ameandika: "Mjomba, tangi la tano, nimenoa mwenyewe."